Chumba Majengo au Chumba Ghorofani Shimanzi?

Tuseme upewe uchaguzi: chumba katika nyumba ya Kiswahili mtaa wa Majengo, kisiwani Mombasa, au chumba kwenye jengo la ghorofa 15 pale Shimanzi, mahali pa maghala ya zamani, wapangaji wakishiriki jiko na sebule.

Kushiriki si jambo geni kwetu. Majengo vyumba sita hutazamana kwenye ukumbi mrefu, bomba na choo viko uani, na tui likichemka kwa jirani unalisikia kabla hajakukaribisha.

Ghorofa nalo lina yake: hula ardhi kidogo, na likielekezwa vizuri, pepo za kaskazi na kusi hupita ndani, feni ikapumzika. Paa libebe sola.

Lakini maji! Kisiwa hiki hunywa maji ya mbali, ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho. Mifereji ikikauka, mkokoteni wa mitungi ya lita 20 hufika mlangoni Majengo. Ghorofa ya 12, lifti imezima, nani atapandisha? Tena Shimanzi ni jirani wa matangi ya mafuta; udongo upimwe kwanza, watoto wacheze baadaye.

Mimi kwa sasa ni Majengo. Wakichimba tangi kubwa la maji ya mvua pale Shimanzi, nitafunga virago.