Mguu wa Zamani wa Boti: Utengeneze, Ubadilishe au Uzibe Tundu?

Huenda umewahi kuiona, ufukweni Mtoni au Mkokotoni maji yakiwa yamekupwa: boti ya fiber ya futi 19 au 22 imelalia ubavu, rangi imechujuka, na huko tezi unaning'inia mguu wa aluminiamu uliojaa mwani. Mashine iko ndani kama ya gari, mguu umetoka nje na ndio unaozungusha rafadha, kugeuza boti na kuinuka maji yakipungua. Mwenyewe kainunua kwa bei ya kutupa. Sasa anauliza mafundi watatu na anapata majibu manne.

Nilikuwa mmoja wa wanunuzi hao. Aliyeniuzia aliniambia boti "inataka mpira tu". Nikabadilisha mpira, beringi na impela ya pampu ya maji, na oili juu. Miezi haikuwa mingi, nikiongeza moto nikawa nauona ukuta wa tezi unacheza. Fundi mmoja mzee akaja, akaugonga kwa kishikio cha bisibisi mara mbili tu, akanitazama.

"Mwanangu, mgonjwa wako anaumwa moyo, wewe unamkanda goti."

"Sasa mzee, mguu nimeshaulipia!"

"Ndiyo. Umelipia goti."

Mfumo wenyewe si mbaya, tuuseme kwa haki. Volvo Penta waliutoa mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic, ukiwa ni ubunifu wa Mmarekani Jim Wynne, na MerCruiser wakafuata mwaka 1961. Ulipendwa na watu wenye trela: boti inashushwa ziwani asubuhi, jioni inarudi nyumbani kavu. Ya kwetu hulala baharini mwaka mzima. Maji ya bamvua hapa Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo ukitia nanga karibu na pwani lazima mguu uuinue usije ukagonga mchanga. Na hapo ndipo penye mtego: hata ukiinuliwa, sehemu yake hubaki majini ikiliwa na chumvi, na mipira ya mikunjo inayozuia bahari isiingie ndani inakaa imejikunja vibaya usiku kucha. Mpira huo ukipasuka, boti huzama ikiwa imefungwa, hakuna dhoruba wala mwamba.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya spea yoyote, toa asubuhi moja ya kupima.

Anza na ukuta wa tezi. Ugonge kutoka juu kushuka. Ndani ya fiber yake mna mbao: iliyo nzima hujibu kwa sauti kavu, iliyooza hujibu kama papai bivu. Ukiwa na shaka, toboa kitundu kwa ndani, chini kabisa karibu na ngama, pale maji yanapotuama ndani ya boti. Ukitoka unga mkavu, shukuru Mungu. Ukitoka uji wa kahawia, habari ya mguu imekwisha hapo hapo, maana mguu umeshikiliwa na ukuta huo na nguvu yote inayosukuma boti inapitia kwenye tundu lile kubwa lililokatwa katikati yake.

Kisha oili ya gia. Iache boti usiku mzima bila kuwashwa, asubuhi legeza skrubu ya chini ya mguu. Yakitangulia maji, sili imeshapitisha. Oili ikitoka nyeupe kama tui, maji na gia vimeshazoeana siku nyingi. Pitisha sumaku ndani yake: ungaunga laini ni kawaida, vipande vyenye kona ni meno ya gia.

Mwisho mashine yenyewe. Nyingi za miaka ile hupozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, na manifoldi za ekzosi huoza kwa ndani huku nje zikipendeza. Zikitoboka, maji huingia kwenye silinda. Toa plagi zote, uzitazame, upime kompresheni. Mguu mzima kwenye mashine iliyokufa ni kwato nzuri za punda mfu.

Sasa tupange, ya kwanza ikiwa ile ninayoona inawafaa wengi wetu visiwani.

Nafasi ya kwanza: ziba tundu, pachika mashine ya nje

Toa mashine ya ndani, toa mguu, kata ukuta wote uliooza, ujenge upya kwa plaiwudi ya marini na fiber, upachike mashine nyuma. Fundi wa fiber atakuambia anaweza kuziba tundu peke yake na kukuachia ukuta wa zamani. Usikubali. Kiraka juu ya mbao mbovu kinashika mpaka siku utakapofungua moto wote na abiria ndani.

Faida yake hapa kwetu ni kubwa. Mashine ya nje inainuka ikatoka majini kabisa. Ikiharibika Nungwi, Kizimkazi au Wete, utampata mtu aliyewahi kuifungua ya aina hiyo, hasa ikiwa Yamaha Enduro ya farasi 40, ambayo spea zake zinajulikana na kabureta yake haihitaji kompyuta. Watu wawili wanaishusha na kuilaza ndani ukiogopa wezi. Kasoro yake ni kiu: ya viharusi viwili inakunywa petroli kweli, na lazima uichanganyie oili, kwa kawaida sehemu 1 kwa 50 ikishazoea. Ya viharusi vinne inakunywa kidogo lakini bei ya kuinunua inauma. Anayekwenda Mnemba kila siku apige hesabu ya mafuta ya mwaka mzima, asitazame bei ya dukani peke yake.

Watu wanakosea kwenye uzito. Mashine ya MerCruiser ya lita 3.0 pamoja na mguu wake ni karibu kilo 290, na uzito huo ulikaa mbele ya ukuta wa tezi. Mashine ya 40 ni kilo 70 na kitu, lakini inaning'inia nyuma kabisa. Ukifunga moja, boti itakuwa nyepesi ila haina nguvu: mwili ulioundwa kwa farasi 130 hautapanda juu ya maji kwa 40 ukiwa na watu wanane. Ukifunga mbili, nguvu inakaribia kutosha na moja ikizima ya pili inakurudisha nyumbani, jambo ambalo mguu mmoja haukupi. Lakini hapo sogeza betri na tangi mbele, uangalie na matundu ya kutolea maji sakafuni yasije yakazama chini ya usawa wa bahari. Nimeiona boti iliyofungwa mashine kubwa nyuma ikajaa maji taratibu kupitia matundu hayo hayo ya kuyatoa.

Pima pia kimo cha ukuta mpya kabla hujanunua. Inchi 15 ni ya shafti fupi, inchi 20 ni ya shafti ndefu. Ukikosea, ama rafadha inakoroga hewa ama mguu unaburuta maji.

Nafasi ya pili: mguu mzima mwingine wa ukoo uleule

Hii ni kwa mwenye ukuta mzima, mashine nzima na mguu uliokufa. Kama ni MerCruiser Alpha One una bahati, kwa sababu ilitengenezwa kwa wingi na viwanda vingine hutoa nakala zake. Chukua namba ya mguu na ya mashine kabla hujamwagiza mtu Dar es Salaam au Dubai. Kizazi cha kwanza kiliishia mwaka 1990, cha pili kikaanza 1991, na nusu ya juu ya kimoja haikubali nusu ya chini ya kingine. Uwiano wa gia nao ulingane: mguu wa silinda 4 unakaribia mizunguko 2 ya mashine kwa 1 ya rafadha, wa V8 ni kama 1.5 kwa 1. Zungusha shafti ya juu kwa mkono uhesabu mwenyewe. Picha ya WhatsApp haina meno ya gia.

Nafasi ya tatu: kuutengeneza ule ule

Nakubali kwa sharti moja, kwamba vipimo vyote vitatu vimepita na kinachotakiwa ni mipira, beringi ya nyuma ya ukuta, sili, impela na kebo ya gia. Beringi mbovu hunguruma, hasa ukikata kona. Badilisha mipira yote kwa pamoja, maana kazi ya kuushusha mguu ni ile ile. Funga zinki mpya, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya mguu, na wala usidanganywe na zile za magnesiamu, hizo ni za maji baridi. Rangi yenye shaba ya kuzuia viumbe wasigande isiguse aluminiamu ya mguu, itaila. Miguu ya Volvo Penta ya zamani kama 270 na 280 ni imara na spea zake hupatikana, ila jiandae: bei yake haina huruma.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo. Stata au oltaneta ikifa, usifunge ya gari kutoka dukani Darajani eti bolti zinalingana. Za boti ya petroli zimefungwa ili cheche isitoke nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unajikusanya ngamani, na cheche moja inatosha. Feni ya kutolea mvuke iwashwe dakika 4 kabla ya ufunguo, kila siku, hata nahodha akiwa na haraka na wageni wameshapanda.

Nafasi ya nne ni dizeli ndani na shafti iliyonyooka. Kwa chombo cha mizigo kati ya Mkoani na visiwa vidogo ni mashine ya maisha. Kwa boti nyepesi ya fiber ni nzito mno, na rafadha isiyoinuka itakuumiza kila maji yakipwa.

Ya mwisho kabisa: kama mguu una jina la OMC, iwe Cobra ya kuanzia 1986 au ile iliyoitangulia, usitoe hata shilingi ya beringi. Kampuni ilifilisika Desemba 2000, na kila spea itakuwa msako. Nenda nafasi ya kwanza moja kwa moja, mashine ya ndani uiuze vipande.

Ukibadilisha aina ya mashine, pita Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA) kabla hujarudi kubeba abiria, kwani cheti chako kimeandikwa chombo kingine. Na chagua wakati. Wageni hupungua masika, ndipo kila mtu anapandisha boti yake, lakini resini haitaki unyevu na mbao lazima ikauke kabla haijafunikwa. Mimi nilifunga turubai, nikaacha ukuta wazi wiki tatu, nikilala nasikiliza mvua ya Aprili inagonga juu yake. Fundi alitaka kuziba siku ya tano, nikamkatalia.