Chupa ya Maji na Chombo cha Chakula kwa Mwanafunzi wa Sekondari: Kipi Kitangulie

Mzazi anayenunua chupa na chombo cha chakula cha shule huangalia bei na uimara, lakini jambo la kuuliza kwanza ni nini hutoka kwenye chombo hicho kikipata joto. Bisfenoli A, kemikali inayotumika kutengeneza plastiki ngumu iliyo angavu, huiga estrojeni, homoni ya kike. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2012 uliohusu watoto na vijana wa miaka 6 hadi 19 ulionesha kuwa unene uliopitiliza ulikuwa mwingi zaidi kwa wale ambao mkojo wao ulikuwa na kiwango kikubwa cha kemikali hiyo. Utafiti huo hauthibitishi kuwa plastiki ndiyo iliyonenepesha, kwa kuwa kijana anayekula sana vyakula vya makopo, ambayo ndani mara nyingi hupakwa utando wenye kemikali hiyo, hupata kalori na kemikali kwa pamoja. Hata hivyo, mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha mara 20,000 kiwango cha bisfenoli A kinachovumilika mwilini kwa siku, na hilo kwangu linatosha kuongoza ununuzi.

Nafasi ya kwanza naipa stenlesi, hasa yenye alama 304 au 18/8. Bei yake huuma siku ya kwanza, lakini chupa nzuri yaweza kumfikisha mwanafunzi kidato cha nne, na hupokea chai ya moto bila wasiwasi. Fungua uchungulie ndani kabla ya kulipa: chupa ya alumini hufanana nayo kwa nje, ila ndani hupakwa utando ambao huenda ukawa wa epoksi (plastiki ya kupaka inayokauka ikawa ngumu), na epoksi nyingi hutokana na bisfenoli hiyohiyo.

Kioo ni cha pili kwa sababu tu huvunjika. Kwa chakula kinachobaki nyumbani, ningekitanguliza.

Cha tatu ni plastiki yenye namba 5 ndani ya pembetatu kwenye kitako, yaani polipropilini, ambayo haitengenezwi kwa bisfenoli. Wali upoe kwanza ndipo upakuliwe humo, na chombo kisiingizwe kwenye maikrowevu. Chupa ya maji ya dukani, namba 1, ni ya nne: itumike kwa maji baridi, isiachwe juani, kisha itupwe.

Mwisho kabisa ni polikaboneti, ile plastiki ngumu iliyo angavu niliyoitaja mwanzo, ambayo huwekwa chini ya namba 7 pamoja na plastiki nyingine. Mwaka 2009 watafiti wa Harvard waliwapa wanafunzi 77 chupa za aina hiyo kwa vinywaji baridi, na baada ya wiki moja tu bisfenoli A katika mkojo wao ilikuwa imepanda kwa takriban theluthi mbili. Lebo inayodai kuwa bidhaa haina kemikali hiyo isikufanye uongeze bei, kwani watengenezaji wengi wameweka bisfenoli S mahali pake, nayo huvuruga homoni kwa namna inayofanana.