TAHADHARI: Muuza kadi za grafiki anayejifanya kukukagulia mazabodi

Jamani, yule muuzaji wa kadi niliyekuwa nikiwasifia ni mwizi. Mwizi kabisa, tena mwenye ujuzi, na ndicho kinachoniuma.

Mnaoniuliza nilimwaminije, sikilizeni kwanza. Hakukimbilia pesa. Alinipigia simu ya video, akaniambia nifungue kompyuta nimmulikie mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Akasoma modeli iliyoandikwa juu yake. Akataka aone sloti ndefu ya PCI Express, pale kadi inapochomekwa, akanipimisha kwa rula nafasi iliyobaki mpaka kwenye hadi diski, akaomba nimsogezee stika ya pawa saplai, kile kiboksi kinachoipa kompyuta umeme. Kisha akasema: "Kaka, saplai yako haina waya wa pini sita wa kuipa kadi umeme wa ziada. Kadi kubwa usinunue. Chukua GTX 1050 Ti, inakula wati 75 na sloti yenyewe inatoa 75." Na hayo ni kweli, nimeyahakiki! Mtu anayekukataza kununua kadi ya bei kubwa utamshuku kwa lipi? Akaichomeka kwenye kompyuta yake nikiona, skrini ikaandika GTX 1050 Ti, memori GB 4. Nikalipa.

Kadi ikaja na tundu la pini sita. Kumpigia, sauti ya upole: "Hilo toleo limeongezwa nguvu kaka, nimekuwekea waya wa kuungia humo kwenye boksi." Nikaunga. Windows ikaitambua. Kufungua gemu tu, mistari ya rangi skrini nzima, kompyuta ikazima. Nikaweka draiva, programu ya kuendeshea kadi, ya Nvidia wenyewe wenye chipu hizi, hali ikawa mbaya zaidi. Ndipo nikaendesha GPU-Z, programu inayosoma chipu halisi ya kadi: mbele ya jina imeandika FAKE, na chipu ni ya GTS 450. Kadi ya mwaka 2010! Kori (vitengo vya kuchakata ndani ya chipu) 192 badala ya 768. BIOS yake, programu iliyomo ndani ya kadi, imeandikwa upya ili ijitaje kwa jina lisilo lake. Na inakula zaidi ya wati 100, wakati saplai yangu aliiona kwa macho yake mwenyewe! Alikuwa tayari iungue.

Sasa ameniblokia. Mtu huyu afungiwe akaunti zake zote, ashtakiwe, arudishe hela ya kila aliyemwibia. Asiachwe hivihivi. Anajua wati, anajua sloti, na ujuzi huo anautumia kuibia watu wanaojibana miezi kupata kadi moja.

Mkiona 1050 Ti yenye tundu la VGA, ile ya bluu, kimbieni, chipu ya 1050 Ti ya kweli haitoi VGA yenyewe. Pini sita peke yake si ushahidi, zipo halisi zenye nayo. Jina linalotokea kwenye Windows halithibitishi chochote. Mwambieni muuzaji afungue GPU-Z, toleo jipya, kabla hamjalipa. Akisitasita, acheni.

Meseji na video zote ninazo. Aliyeuziwa na mtu wa namna hii anitumie ujumbe leo, twende kumshtaki pamoja.