Wamemuua Bigfoot Wallace bure, na kijana wa laibrari akanijibu ovyo

Nina hasira mbili na nitazitoa zote. Ya kwanza ni ya Dead Man's Walk yenyewe, ile tamthilia ya 1996 iliyorushwa na ABC ya Marekani, inayomwonesha Gus McCrae na Woodrow Call wakiwa vijana wabichi, miaka mingi kabla ya mambo ya Lonesome Dove, tamthilia ya makauboi iliyowapa jina. Ya pili ni ya kijana wa laibrari ya muvi aliyeniuzia.

Aliyeiona Lonesome Dove ya 1989 hahitaji kutambulishwa kwa Gus na Call. Robert Duvall na Tommy Lee Jones walitufanya tuwapende wale wazee kama watu wa ukoo wetu. Huku ni David Arquette na Jonny Lee Miller, marenja wa Texas (askari wa kulinda mipaka) wasiojua lolote, wanajiunga na msafara wa kuvuka jangwa kwenda kuutwaa mji wa Santa Fe, uliokuwa chini ya Meksiko. Msafara unakwama, maji yanaisha, Wakomanche, wenyeji wa asili wa nyika zile, wanawawinda, na mwisho wanaishia mikononi mwa Wameksiko na kuswagwa kwa miguu katika Jornada del Muerto, moja ya nyika kavu kabisa za New Mexico.

Nilichukua ile ya kutafsiriwa kwa sababu natazama na mjomba. Mjomba amekuwa mtu wa makauboi tangu enzi za mikanda ya video, ila Kiingereza chao cha kutafuna maneno kinampita. Basi mfasiri wa nakala yetu, yule anayesimulia kwa Kiswahili juu ya filamu, tangu dakika za mwanzo, anasisitiza: "Wadau, hii ni historia, kila unachokiona kilitokea." Karudia mara kadhaa. Mjomba akaamini, na kwa nini asiamini?

Akampenda Bigfoot Wallace. Keith Carradine anamcheza vizuri mno: mwenyeji wa nyika, anayejua hatari iko wapi kabla wengine hawajainua macho, na ndiye shule ya wale vijana wawili. Mjomba akawa anamfuatilia yeye tu, hao mashujaa wenyewe hakuwajali.

Halafu tukafika kwenye maharage. Mateka wanatoa kura kutoka kwenye mtungi: harage jeupe unaishi, jeusi unapigwa risasi. Wallace anatoa jeusi. Mfasiri naye akadakia kwamba ndivyo alivyokufa Bigfoot Wallace, shujaa wa kweli wa Texas. Mjomba alinyamaza, akaniambia nizime, akaenda kulala. Kesho yake akaniuliza kama yule bwana aliacha watoto.

Swali hilo ndilo lililonifanya nikae nisome. Na nilichokikuta kimenichoma mpaka leo. Wallace alikuwa mtu wa kweli, ndiyo, na maharage ni ya kweli, lakini YEYE ALITOA JEUPE. Alizaliwa Virginia 1817, akaja Texas kwa uchungu wa ndugu yake aliyeuawa na jeshi la Meksiko kule Goliad 1836. Katika msafara wa Santa Fe wa 1841 hakuwamo kabisa. Alikuwamo katika msafara mwingine, wa Mier, mji wa Meksiko, mwishoni mwa 1842. Wakakamatwa na Wameksiko, wakatoroka, wakapotea milimani bila maji, wakakamatwa tena. Santa Anna, mtawala wa Meksiko, akaagiza wote wauawe, gavana mmoja akakataa kutekeleza, agizo likapunguzwa: mmoja katika kila kumi. Tarehe 25 Machi 1843, pale Hacienda Salado, mtungi ukawekwa maharage 176, meusi 17. Inasimuliwa kwamba Wallace alikuwa akitazama kwa makini namna yalivyomiminwa, na zamu yake ilipofika akapapasa kwa vidole kwanza, kwa kuwa aliona meusi ni makubwa kidogo. Akatoka hai. Akafungwa gereza la Perote, akaachiwa 1844, akarudi Texas, akawa renja chini ya Jack Hays, baadaye akaendesha gari la barua kati ya San Antonio na El Paso, njia ambayo wengi hawakuithubutu. Kafa 1899 akiwa mzee wa miaka 81. Kuna mji Texas unaitwa Bigfoot kwa ajili yake!

Sasa niambieni. Mtu aliyejiokoa kwa macho yake na vidole vyake, unamchukua kwa jina lake kamili, unamwingiza katika msafara ambao hakuwamo, halafu unampa harage alilolikwepa? Najua imeanzia kwenye riwaya ya Larry McMurtry ya 1995 yenye jina hilohilo, haikuanzia kwa waongozaji. Hilo halinipozi.

Nikarudi laibrari. Sikwenda kudai pesa. Nilikwenda kumweleza kijana kwamba tafsiri anayouza inadanganya watu, wazee wanaiamini, na kuuliza kama ana ile ya sauti halisi. Alikuwa na simu mkononi, hakuinua hata kichwa. "Mzee, hiyo ni muvi tu. Kama unataka historia nenda shule." Wateja wengine wakacheka. Mimi ni mteja wake wa miaka, namletea flashi yangu karibu kila wiki, nimemletea na majirani. Kuna lugha ya kumjibu mtu aliyekuzidi umri, na kuna lugha ya biashara, na yeye hakuwa na hata moja. "Muvi tu" ni jibu gani, wakati bidhaa yako mwenyewe inapiga kelele kwamba ni historia? Sirudi pale.

Nakala ya sauti halisi nimeipata kwingine baadaye, na hapa niseme haki, kwa sababu nilikuwa nimeshaipa nyota moja kichwani. Tukio la maharage bila mtu wa kulidandia ni zito sana. Tatizo la hadithi za namna hii ni kwamba tunajua Gus na Call hawawezi kufa, wana Lonesome Dove mbele yao. Mkono wao ukiingia mtungini, huna wasiwasi. Kwa hiyo mwandishi alihitaji mkono wa mtu tunayempenda na asiye na kinga, na Carradine alishatufanya tumpende. Inauma kwa sababu imefanya kazi. Na Edward James Olmos akiwa Kapteni Salazar ni wa ajabu: mkali lakini ana utu ndani yake, unamhurumia. (Salazar wa historia alikuwa anawapiga risasi waliochoka njiani na kuwakata masikio kama ushahidi wa idadi, mwandishi wa habari George Wilkins Kendall, aliyekuwa mmoja wa mateka, ameyaandika hayo.) Eric Schweig akiwa Buffalo Hump, chifu wa Wakomanche, anatisha kila anapotokea.

Kwa hiyo nyota nne? Nilitaka kuziandika. Lakini nikimkumbuka mjomba akiuliza habari za watoto wa marehemu ambaye aliishi karibu miaka mingine 56 baada ya siku ile, naona tatu, na hizo tatu ni za Carradine na Olmos. Ya kutafsiriwa msiichukue kabisa.

Na kibaya zaidi, kifo walichokitafuta kilikuwepo tayari. Katika kundi lilelile la Mier kulikuwa na Ewen Cameron, nahodha mzaliwa wa Scotland. Alitoa jeupe, watu wake wakafurahi, na mwezi mmoja baadaye Santa Anna akaagiza apigwe risasi vivyo hivyo. Akapigwa. Huyo hawakumwona?