Meta Quest 2 kwa kijana mwenye ulemavu wa akili: uzoefu wangu Kigoma

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 16, ana ulemavu wa akili, na tunaishi naye hapa Mwanga. Nilimnunulia miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kukuonyesha picha kana kwamba uko ndani yake, Meta Quest 2 ya mtumba. Toleo hili lilitoka 2020.

Nianze na lililonikera, na hili ni la programu, si la miwani. Kuna programu ya kumzoesha mtu kuvuka barabara. Imetengenezwa vizuri, ina taa, honi, kila kitu, ila magari yake yanapita upande wa kulia. Kwetu Tanzania gari linapita kushoto, kwa hiyo anayevuka anaanza kutazama kulia. Mimi na wewe tungejirekebisha. Huyu anajifunza kwa kurudiarudia, na akishashika kitu hakimtoki. Tulipofika barabara ya lami alisimama ukingoni vizuri kabisa, nikafurahi, kumbe shingo inageukia kushoto. Kaona kweupe, katia mguu. Bajaji inakuja kutoka kulia! Nilimdaka shati. Programu niliifuta usiku uleule, na kuvuka tunajifunzia barabarani, nimemshika mkono.

Iliponisaidia ni kwenye kelele. Watu wengi wakiwa pamoja alikuwa anaziba masikio na kukataa kusogea. YouTube zipo video za nyuzi 360, yaani ukigeuza kichwa unaona pande zote, za masoko na vituo vya treni. Anakaa kitini, sauti naanza nayo chini kabisa, akiinua mkono namvua. Polepole tukapandisha. Juzi tumeshuka Kibirizi maboti yakipakua, amesimama nami mpaka dagaa wakapimwa. Sisemi ni miwani peke yake, huenda na ukubwa nao unamjia.

Anayoipenda mwenyewe ni ya chini ya bahari. Samaki wa rangirangi wanapita, yeye ananyoosha mkono kuwashika: "Shangazi, mgebuka!" Mgebuka ni wa ziwa letu, si wa bahari, lakini simsahihishi.

Anachokiona nakiona kwenye simu, mradi simu na miwani viwe kwenye mtandao mmoja. Usiache hilo, kwa sababu akiogopa huenda asiweze kukueleza ameona nini. Chaji inakaa saa 2 hadi 3, lakini miwani ina uzito wa nusu kilo hivi na wote uko usoni, shingo inachoka mapema. Kuapdeti kunakula bando. Maliza kabla hujamwita.

Mwenye kifafa aonwe na daktari kwanza, hata maelekezo ya mtengenezaji yanasema hivyo, na vijana wetu wengi wanacho. Akaunti ya Meta, ya kutumia miwani, kijana anafungua mwenyewe kuanzia miaka 13. Wa 10 hadi 12 anafunguliwa na mzazi.

Ukinunua ya mtumba, muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, kisha ivae utafute madoa kwenye picha. Jua likipenya kwenye lenzi huunguza kioo cha ndani, na nyingine zimeshaanikwa dirishani.