Toroli la kukunja la "kilo 150": kubeba linabeba, kulisimamisha ndo kazi

Nimekaa na hili toroli miezi mitatu sa hii, naona naweza kusema kitu. Nililiagiza duka moja Mombasa kwa 6,500, likaja na basi mpaka Mokowe halafu boti mpaka Amu (Lamu), nauli mbali. Ni lile la bapa, mkono unakunjika, vigurudumu vinne vidogo vya plastiki ngumu, na ubavuni limeandikwa kilo 150 kwa herufi kubwa. Shida yangu ilikuwa maji, pampu ya nyumba ilikufa na mwenye punda anahesabu kwa mtungi, nikaona bora nijitegemee.

Kubeba sina neno. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji na chuma hata hakilii. Penye sakafu laini kazi ni kuling'oa tu pale liliposimama, hapo unaegemeza mwili mzima, likishakolea unalisindikiza kwa mkono mmoja huku unaongea na simu. Ndo ile inersia ya skuli: kilichotulia hakitaki kuondoka, kinachoenda hakitaki kusimama, na uzito ukizidi na ubishi unazidi. Newton kaiandika kwenye kitabu chake 1687, lakini hapa hata mtoto wa mvuvi anaijua bila kitabu, mtazame nahodha akikaribia gati, tanga anatua mapema kabisa, upepo hausukumi tena na jahazi bado linakuja lenyewe mpaka linakufa mwendo pale pale kwenye ngazi, akichelewa kutua basi ni kugonga.

Sasa toroli halina tanga la kutua. Na breki halina! Kilo 150 walizoandika ni za kubeba, za kusimamisha hakuna alieandika.

Kisima ninachochota kiko juu na mimi nakaa chini karibu na Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kwa hivyo linapanda tupu linashuka limejaa, na nyinyi mnazijua hizi ndia (njia) zetu zinavyoinamia baharini ili maji ya mvua yapate pa kukimbilia. Wiki ya kwanza nikashuka na mitungi mitatu, juu yake nimeweka trei ya mayai 30 manake nilipitia dukani, ujanja wangu huo. Nikaanza kutembea, mara natembea haraka, mara nakimbia, na wallahi sio mimi nilieamua kukimbia. Napiga kelele simila! simila! watu wanajibanza ukutani. Kigurudumu cha mbele kikaingia kwenye ukingo wa mfereji kikasema basi, lakini mizigo haikuambiwa, mitungi ikaserereka mbele na trei ikaruka juu ya mitungi ikaendelea na safari yake kivyake. Yalipona manne. Mzee mmoja barazani akaniangalia akasema, "Pole mwanangu. Punda angesimama."

Nikapigia duka kuuliza kama kuna breki ya kuongeza, kijana akanijibu, "Bosi, hiyo inabeba kilo 150." Nikakata.

Toka siku hiyo nimejifunza mambo ambayo hayakuandikwa ubavuni. Usiliache likolee hata kidogo, manake mwendo ukiwa mara mbili na unavuta kwa nguvu ile ile, masafa ya kusimama hayawi mara mbili, yanakuwa mara nne, ndo maana unadhani umelidhibiti halafu ghafla hujalidhibiti. Halafu mtungi uliojaa nusu ni adui. Nilidhani nikipunguza maji ntapata nafuu, kumbe yale maji yana nafasi ya kutembea, mimi nasimama na toroli linasimama, yenyewe yanakuja mbele yanapiga ukuta wa mtungi na toroli linasogea tena hatua nzima wakati mkono nimeshalegeza. Jaza mpaka shingoni au acha nyumbani, na kamba ni lazima, funga mzigo na toroli viwe kitu kimoja.

Kwenye mchanga wala usijaribu, nililipeleka njia ya Shela siku moja vikazama vyote vinne kama vimepandwa. Huko breki huhitaji.

Mwisho nimempelekea fundi wa kuchomelea, akavitoa vile vidogo akaweka mawili makubwa ya upepo, ya wilibaro, na nyuma akanibandikia kipande cha tairi kuukuu kama mikokoteni ya Mombasa. Navuta kwa mbele, likitaka kunipita nainua mikono, nyuma kunashuka, tairi linaburuza chini, msuguano unafanya kazi yake na linatulia. Gurudumu kubwa nalo linapanda ukingo wa mfereji badala ya kunasa. 2,800 na nusu siku.

Jumla 9,300, kwa pesa hiyo fundi angeniundia mwanzo mpaka mwisho. Kama nyumba yako iko ufukoni kwenye sakafu tambarare na unabeba magunia, nunua, nyota nne. Kwa mteremko jinsi lilivyotoka dukani ni mbili, na hizo mbili ni za chuma. Vigurudumu vidogo bado ninavyo, anaevitaka kwa kabati au meza ya TV aje achukue bure.