Feni ya tangi la matumbawe, nimeitumia mpaka kaskazi kuisha hapa Tanga

Wakuu, hii feni ya kubana kwenye ukingo wa tangi ninayo tangu Januari, nilisema siandiki chochote mpaka kaskazi iishe, na sasa imeisha. Ni feni mbili ndogo kwenye fremu moja, volti 12, inakuja na kidhibiti chenye waya unautumbukiza kwenye maji, ukishaseti nyuzi zako inajiwasha na kujizima yenyewe. Nilitoa 58,000 kwa vyote.

Kilichonipeleka dukani ni matumbawe. Mwenzangu alikuwa anahama Dar akaniachia vipande vitatu alivyokuwa anaviotesha mwenyewe kwenye tangi lake (na niseme mapema, matumbawe magumu yapo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini, asije mtu akasoma hapa akaenda kuchokonoa miamba kule pwani ya Kigombe, bahari yetu imepigwa baruti miaka mingi, inatosha). Nikayaweka kwenye tangi langu la lita 180 hapa Chumbageni, siku ya nne naamka nakuta yameanza kupauka, siku ya saba meupe pe kama chokaa. Iliniuma sana.

Kupima maji, nyuzi 31. Chumba chenyewe kina joto, pampu nayo inatoa joto, taa iko juu kwa nguvu zote. Tumbawe likizidiwa na joto au mwanga vile vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake na kulilisha linavitoa nje, rangi inaondoka navyo, unabaki kuona mfupa kupitia nyama. Ila kupauka sio kufa. Usiku nilizima taa nikamulika kwa pembeni na tochi ya simu, nikaona minyiri imetoka, myembamba kama uzi, inang'aa kama kioo, inapapasa papasa. Nikajua yapo hai, yana njaa tu.

Sasa feni. Inapoza kwa kufanya maji yapae, kwa hiyo unyevu wa Tanga unaipunguzia nguvu, siku kavu yenye upepo ilinishushia mpaka 27.5, siku ile hewa nzito nguo hazikauki iliishia 28.5. Kwangu hiyo imetosha kabisa, matumbawe ya huku joto la 28 wanalijua, kinachoyaua ni kupitiliza na kukaa huko. Na muhimu zaidi haiyumbi, asubuhi na jioni tofauti haifiki hata nyuzi moja. Umeme ukikatika naihamishia kwenye betri ya sola, inakula umeme kidogo mno inakesha bila shida, hiki kitu peke yake kwangu kinalipa hela yote.

Kasoro zipo. Kihisi chake kinasoma pungufu kwa nyuzi 1.3 ukilinganisha na kipimajoto cha kioo, nimehakikisha mara nyingi, kwa hiyo usikiamini, linganisha kwanza halafu ndio useti. Skrubu za fremu zilishika kutu ndani ya wiki sita, nikaona tone la rangi ya chai linaning'inia juu ya maji yangu, nilizing'oa siku hiyo hiyo nikaweka za stenlesi, sitaki kutu idondokee kwenye tangi la matumbawe. Na maji yanapungua lita 3 hadi 4 kwa siku, chumvi haipai, inabaki, usipojazia inapanda kimya kimya. Jazia maji matamu yaliyochujwa, usijazie ya chumvi, mi nashika 1.025 (uzito wa maji ya tangi ukilinganisha na maji matamu, ndio unaoonyesha chumvi) na napima kila jioni baada ya magharibi.

Lakini feni peke yake isingeyaokoa. Niliyashusha chini kabisa kwenye mchanga, nikakata chandarua cha zamani nikaweka tabaka nne juu ya kioo chini ya taa, kila wiki natoa moja. Kulisha natumia uduvi mbichi wa soko la samaki la Deep Sea, wa kukausha una chumvi na vumbi achana nao, nasaga laini kabisa nachuja, nadondoshea kidogo kidogo kwa bomba la sindano usiku minyiri ikiwa nje, mara mbili kwa wiki, pampu nimezima dakika kumi. Ukizidisha maji yanachafuka utarudi nyuma. Na usiyahamishe hamishe, acha yatulie.

Moja halikurudi, wiki ya pili nyama ilibanduka ikabaki mfupa, nikalitoa haraka lisichafue mengine. Mawili yaliyobaki wiki ya tano yalianza kahawia chafu hivi kwenye vikunjo, mwanangu akaniita "baba njoo, hili limepata rangi", nikaenda na tochi nikakaa pale muda mrefu naliangalia. Leo moja ni kijani kabisa, jingine bado kahawia ila limenenepa.

Mkinunua, chukueni hii ya volti 12, ile ya yuesibii waliyonayo pembeni ni dhaifu kwa tangi zaidi ya lita 60.